Ramani za bahari katika uvuvi wa mshipi, pwani ya Afrika Mashariki

Ramani ya bahari ni ramani iliyochorwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Huonyesha kina, aina ya sakafu ya bahari, miamba, mafungu, taa na maboya. Nchi kavu hupewa nafasi ndogo: vilima, minara na majengo yanayoonekana kutoka majini, basi. Ilibuniwa ili meli ziepuke hatari, lakini mwamba anaoukwepa nahodha wa meli ndio anaoutafuta mvuvi wa mshipi. Samaki hawamo kwenye ramani. Kilichomo ni mahali ambapo sakafu ya bahari inabadilika ghafla, na hapo ndipo samaki hukusanyika.

Historia

Ofisi ya ramani ya jeshi la majini la Uingereza ilianzishwa mwaka 1795, na msimamizi wake wa kwanza alikuwa Alexander Dalrymple. Pwani ya Afrika Mashariki ilipimwa kwa mapana kwa mara ya kwanza na Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyeondoka Uingereza mwaka 1822 akiwa na meli za Leven na Barracouta. Kazi hiyo ngumu na ya kupigiwa mfano ilidumu hadi mwaka 1826, na homa ziliwaua mabaharia wake wengi. Jina la meli yake limebaki majini: mwamba mmoja kwenye mlango wa bandari ya Mombasa unaitwa Leven, na vilevile fungu lililo kati ya Unguja na Pemba, mashuhuri kwa wavuvi wa bahari kuu.

Owen alipima kwa bildi. Bildi ni risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima. Kitako chake kina shimo linalojazwa shahamu, ili ikigusa chini ipande na mchanga, matope au vipande vya kombe. Herufi ndogo zinazoonekana hadi leo kando ya namba za kina zilianzia huko: S ni mchanga, M ni matope, R ni mwamba, Co ni matumbawe, Sh ni kombe. Bildi hugusa sehemu moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kilichokuwa kati ya mpimo mmoja na mwingine hakikujulikana. Kupima kwa mwangwi wa sauti kulienea katika karne ya 20, lakini sehemu kubwa za pwani hazikurudiwa mara moja.

Kuchagua ramani

Jambo la kwanza ni skeli. Kwenye ramani ya 1:300,000, sentimita moja ni kilomita 3. Mwamba wenye upana wa mita 100 ungechukua theluthi moja ya milimita, yaani hauchoreki. Kwenye ramani ya 1:50,000 mwamba huohuo ni milimita 2, na hapo huonekana. Ramani ya skeli ndogo inafaa kupangia safari, si kutafutia mahali pa kutia nanga.

La pili ni mwaka wa upimaji, ambao si mwaka wa kuchapishwa. Ramani iliyochapwa upya inaweza kubeba vipimo vya zamani sana. Mchoro mdogo wa vyanzo ulio pembeni hueleza nani alipima wapi na lini. Mahali peupe pasipo namba hapana maana ya maji salama, ila hapakupimwa. Wavuvi wengi huupita mchoro huo bila kuutazama, na ni hasara kubwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha sehemu ambazo bado zinaweza kuwa na miamba isiyoandikwa.

La tatu ni mfumo wa majiranukta. Vifaa vya GPS hutumia WGS 84. Ramani za nchi kavu za Kenya na Tanzania zilijengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, na nukta ikihamishwa kutoka huko bila kurekebishwa hukosea kwa takriban mita 300, nyingi zake upande wa kaskazini na kusini. Mvuvi anayetafuta mwamba mdogo hapo ameukosa kabisa. Ni lazima pia kuangalia kama kina kimeandikwa kwa mita au kwa pima (pima moja ni mita 1.83).

Kusoma kina

Kina huhesabiwa kutoka usawa wa maji yaliyopwa mno, kwa hiyo maji halisi kwa kawaida huwa mengi kuliko namba iliyoandikwa. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Namba iliyopigiwa mstari chini ni ya mwamba unaotoka nje maji yakipwa.

Kontua, yaani mistari ya kina sawa, zikisongamana ni mteremko mkali. Namba ndogo moja iliyozungukwa na kubwa ni kilele, na herufi R au Co kando yake huongeza matumaini ya kupata chewa na changu. Nguru na kolekole hupita juu ya vilele na kingo. Jodari na nduaro hutafutwa nje zaidi, penye maji ya buluu.

Tofauti kati ya visiwa viwili vikuu inaonyesha vizuri faida ya kusoma namba. Kati ya Unguja na bara bahari ni fupi, kwa sehemu kubwa haifiki mita 60, na uvuvi ni wa miamba. Kati ya Pemba na bara kina hufika takriban mita 800, na samaki wa bahari kuu hupita karibu na pwani. Ndiyo sababu Shimoni, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, imekuwa kituo cha uvuvi wa nduaro.

Mkondo wa pwani huelekea kaskazini, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Ukigonga ubavu wa kusini wa fungu husukuma maji juu, na dagaa hujikusanya upande huo. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka na kukutana nao kaskazini mwa Kenya, penye mafungu mashuhuri mbele ya Malindi na Lamu.

Alama za wenyeji

Wavuvi wa pwani hupata miamba kwa kulinganisha alama za nchi kavu mbili mbili, kama mnazi na mnara wa msikiti.

Hali ya sasa

Mwaka 2022 Uingereza ilitangaza kuacha ramani za karatasi ifikapo 2026, kisha ikasogeza mbele hadi angalau 2030. Ramani za simu hutumika sana. Nyingi hutegemea vipimo vilevile vya zamani. Mipaka ya hifadhi, kama Kisite na Chumbe, inapaswa kuangaliwa kabla ya kutoka, kwani humo uvuvi umepigwa marufuku.