Mbwa wa "Washenzi": Habari za Malezi ya Mbwa wa Kuwinda

Katika lugha yetu yako maneno yaliyobeba dharau kwa muda mrefu, na mojawapo ni neno mshenzi. Watu wa pwani walimwita hivyo mtu wa bara asiyejua desturi za mji. Nasi tuliosoma katika shule za misheni tuliliokota neno lile lile, tukawatupia jamaa zetu waliobaki vijijini. Mbwa wa kijijini naye hakusalimika. Akaitwa mbwa shenzi, yaani mbwa asiye na asili wala malezi. Katika habari hii twataka kuonyesha ya kuwa mbwa huyo alikuwa na asili, na malezi pia, na ya kuwa waliomlea walikuwa na maarifa ambayo wataalamu waliyafikia baadaye kwa njia nyingine.

Tuanze na jina lenyewe. Wako mbwa wadogo wa Kongo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja juu ya mgongo, ambao leo wajulikana Ulaya na Marekani kwa jina la basenji. Asili ya jina hilo yasemwa kuwa ni neno la Kongo lenye maana ya watu wa porini, na sikio la Mswahili halikosi kusikia humo ndugu wa neno washenzi. Basi lile lililokuwa tusi limekuwa jina la heshima katika vitabu vya nasaba za mbwa, ilhali huku kwetu lingali tusi.

Ukale wa kazi ya mbwa hawa ni mkubwa. Kaskazini mwa Arabuni, mahali paitwapo Shuwaymis na Jubbah, yako majabali yaliyochongwa picha za wawindaji na mbwa wao, na wataalamu waliozichunguza waliandika mwaka 2018 ya kuwa huenda zimepata miaka 8000 au zaidi. Mbwa wengine wamechorwa wakiwa wameunganishwa kwa kamba na kiuno cha mwindaji. Katika makaburi ya Misri ya kale pia waonekana mbwa wembamba wa kuwinda, masikio juu, mkia umejikunja. Lugha yetu nayo imehifadhi ushahidi wake: kusaka ni kuwinda, na mwenye kusaka ni msasi. Wazee walisema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia." Maana yake si kwamba mbwa huzaliwa mkali, bali kwamba hufuata tabia ya yule aliyemlea.

Kwa watu wa pwani mbwa ni jambo la hadhari, kwa kuwa katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, mate ya mbwa ni najisi. Hata hivyo Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, yahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa. Wanachuoni wakaeleza dalili za mbwa aliyefundishwa: akitumwa huenda, akiitwa au akikatazwa hutii, na akikamata hali, bali humwekea bwana wake. Twaona hapa ya kuwa tofauti kati ya windo na mzoga imetegemezwa juu ya mafundisho.

Wayunani nao waliandika. Katika kitabu cha uwindaji kinachohesabiwa kuwa cha Xenophon, aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwandishi asema watoto wa mbwa waachwe kwa mama yao mzazi, wala wasipewe mama mwingine, kwa kuwa maziwa yake na pumzi yake ndivyo viwafaavyo. Wapewe majina mafupi, yaitikayo upesi. Wasishibishwe kupita kiasi, wasije wakapotoka miguu. Majike waanze kwenda mawindoni wakiwa na miezi 8, na madume wakiwa na miezi 10.

Turudi sasa Afrika. Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, aliyesafiri kati ya mwaka 1868 na 1871 hata nchi ya Waazande, aliwaona mbwa hawa wadogo wamefungwa kengele za mti shingoni, wasipotee katika majani marefu. Sababu yaeleweka: mbwa wa namna hii si kwamba ni bubu, lakini ni nadra sana kubweka, hutoa sauti ya kupanda na kushuka, kama mtu aimbaye bila maneno. Mbwa asiyebweka hamwambii bwana wake alipo. Kwa hiyo kengele yamsemea. Kwa Wakongo kengele hiyo ilipita kazi ya mawindo, ikaingia pia katika kazi za waganga, kwa kuwa mbwa alidhaniwa kuona walio hai na waliokufa. Ndiyo maana walichonga sanamu ya Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili, kimoja kikielekea huku na kingine kule. Si lazima tuyakubali hayo ili tutambue jinsi walivyomheshimu mbwa wao.

Wazungu walipojaribu kuwahamisha mbwa hawa walipata hasara nyingi. Wawili walionyeshwa Uingereza mwaka 1895 katika maonyesho ya Cruft, wakafa upesi kwa maradhi ya kuambukiza ya mbwa, yenye homa, makamasi na mitukutiko. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alipeleka wengine sita kutoka Sudan, nao wakafa. Ni mpaka mwaka 1937 ndipo Olivia Burn alipofaulu kuwaonyesha hadharani mbwa aliowatoa Kongo, na watu wakasongamana kuwatazama.

Katika habari hii sisi wenyewe hatuna haki ya kuwacheka wengine. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa walimu vijana, tuliwachukua watoto wanne wa mbwa ambao macho yao hayajafunguka, tukiamini ya kuwa maziwa ya ng'ombe na sanduku lililotandikwa nguo safi vyashinda shimo la majivu nyuma ya jiko. Wawili walikufa kabla ya juma kwisha. Mzee mmoja jirani, msasi asiyejua kusoma, alitujia akatazama sandukuni, akauliza, "Mwalimu, nani aliyekufundisha kumwachisha mtoto ziwa kabla hajamwona mama yake?" Hatukuwa na jibu. Tukawarudisha wawili waliosalia.

Baadaye tuliposoma tulijua sababu. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi, na kwa muda wa majuma mawili hivi mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Joto lake ni la mama na la ndugu zake. Maziwa ya siku ya kwanza yana kinga ya maradhi ambayo maziwa ya ng'ombe hayana, wala tumbo lake haliwezi kuipokea kinga hiyo baada ya siku hiyo au mbili. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio muda mfupi baadaye. Majuma 3 au 4 yakitimia, huanza kulambishwa uji laini, wala hafai kuondolewa kwa mama kabla ya majuma 8.

Lakini mama peke yake hatoshi. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, Marekani, J. P. Scott na J. L. Fuller walichunguza malezi ya mbwa wa namna tano, mmoja wao basenji, wakatoa kitabu mwaka 1965. Waliona ya kuwa watoto wa basenji wa majuma 5 waliwaogopa sana watu, wakakimbia na kung'ata. Lakini waliposhikwashikwa na kuzoezwa hofu ile ilipungua. Majaribio mengine, yaliyotangazwa mwaka 1961, yalionyesha ya kuwa mbwa asiyemzoea mtu mpaka majuma 14 huwa kama mnyama wa porini. Sasa fikirini lile shimo la majivu: lina joto, mama yupo, na watoto wa nyumba hupita hapo mchana kutwa, wakiwabeba na kuwaita majina. Samaki mkunje angali mbichi. Wazee walijua ubichi huo wakoma lini.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na mambo ya ajabu. Yule mzee alianza kwa jina na chakula: aliita, mtoto akaja, akapata tonge. Kisha aliburuta kipande cha ngozi majanini, mtoto akafuata harufu mpaka mwisho, akapewa sehemu yake kwa mkono. Mwisho alimfuatisha mbwa mzee aliyekwisha kufuzu. Fimbo hakuitumia, kwa kuwa, alisema, mbwa aliyepigwa kwa kuchelewa kuja hujifunza kutokuja.

Leo mawindo ya namna ile yamekwisha mahali pengi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwingineko sheria ni kali, nasi hatuwashauri wasomaji kuzivunja. Lakini mbwa wa kulinda boma na wa kuchunga mbuzi huzaliwa na kulelewa vile vile, na kwa huyo twaongeza chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo wazee hawakuwa nayo.

Basi twawaomba ndugu walimu na mapadre, kila mtu mahali pake, waulize wazee majina waliyowapa mbwa wao, maneno ya kuwaita na kuwatuma, na jina la kengele, wayaandike kabla wazee hao hawajatuacha. Na mtu akisikia mbwa aitwa mshenzi, amwulize msemaji: ni nani aliyekosa kumlea?