UZI: El Niño ya 1997, 2015 na 2023, na mafungu matatu tunayochanganya tukibishana kuhusu tabianchi

1/
Mvua ikishika Nairobi, vita huanza hapa mtandaoni. Mmoja anaandika, "Haya ni mabadiliko ya tabianchi, sayansi imethibitisha." Mwingine anamjibu, "Hao hao ndio walitutisha na El Niño 2015, iko wapi?" Wa tatu anafunga mjadala: "Sayansi imesema watu watoke kando ya mto, basi." Wote wametaja sayansi, na kila mmoja anaongea kitu tofauti. Wacha niwapitishe kwa historia pole pole. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukimjua, mtaje moyoni mwako.

2/
Nimelelewa Kawangware, upande ule unaoteremka kuelekea Mto Nairobi. Mto huu huanzia Ondiri kule Kikuyu, hupita huku kwetu, halafu Chiromo, Museum Hill, hadi Gikomba. Mwaka 1997 nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka mamangu akipandisha godoro juu ya meza, na sisi watoto tukilala tumekunjana hapo juu kama nguo za mtumba. Asubuhi viatu vyangu vya shule vilipatikana kwa jirani.

3/
Kwa wale mliozaliwa baadaye: mvua ilianza Oktoba 1997 ikaingia hadi 1998, hata Januari ambayo tumezoea ni jua kali. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda. Kaskazini mashariki, Garissa na kwingineko, homa ya Bonde la Ufa iliua watu na mifugo. Hapo ndipo neno El Niño liliingia mtaani. Likawa jina la matope, la mafuriko, la shida yoyote isiyoisha.

4/
Lakini tulilielewa vibaya tangu siku ya kwanza. El Niño si mvua. Ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, mbali sana na sisi. Mvua yetu ya Oktoba hadi Desemba inategemea pia Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu yakipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, tunanyeshewa zaidi. Mwaka 1997 bahari zote mbili zilituelekea pamoja. Mwaka 2019 hakukuwa na El Niño ya nguvu, lakini Bahari ya Hindi ilikuwa na joto jingi upande wetu, na tuliona mafuriko, na tukazika watu wa maporomoko ya Pokot Magharibi.

5/
Sasa 2015. El Niño ya mwaka huo ilikuwa kati ya zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa. Hiyo ni kweli na iko kwenye rekodi. Serikali ikatangaza matayarisho, pesa zikatengwa, huku kwetu vijana wakazibua mitaro. Mvua ikaja, sehemu zingine ikanyesha kweli kweli, lakini haikuwa 1997. Bahari ya Hindi haikusukuma kwa nguvu ile. Watu wakaanza kuuliza pesa za El Niño zilienda wapi, swali zuri kabisa. Ila wengine wakaruka hatua tatu mbele: "Kwa hivyo hata hii tabianchi ni hadithi." Hilo ruko ndilo limenifanya niandike uzi huu.

6/
Ukipanda 111 kuelekea Ngong, pale Dagoretti Corner utapita makao ya Idara ya Hali ya Hewa. Utabiri wa msimu unaotoka pale hausemi "itanyesha" au "haitanyesha". Unagawa mvua katika viwango vitatu: juu ya kawaida, ya kawaida, chini ya kawaida. Kisha unapima uwezekano wa kila kimoja. Ukiambiwa mvua ya juu ya kawaida ina uwezekano wa asilimia 50, umeambiwa pia kuna nusu nyingine inaweza kwenda kwingine. Mama mboga akiona wingu jeusi hufunika nyanya zake na karatasi ya plastiki. Mvua isiponyesha, hakuna mtu humwita mwongo.

7/
Na hii kazi haikuanza juzi. Baada ya ukame mbaya wa miaka ya 80, kituo cha kufuatilia ukame kilianzishwa hapa Nairobi 1989. Mwaka 2003 kikawa ICPAC, chini ya IGAD, na leo kiko upande wa Ngong. Tangu Februari 1998, wakati El Niño ile bado haijakauka miguuni mwetu, wataalamu wa Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua kutoa utabiri wa pamoja. Ni watu wa kwetu wanaofanya hesabu hizi.

8/
Sasa nigawe mafungu, kama nyanya pale sokoni.

Fungu la kwanza: YALIYOPIMWA. Dunia imepata joto? Nani amesababisha?

Fungu la pili: YANAYOTARAJIWA. Msimu ujao utakuwaje? Miaka 30 ijayo itakuwaje?

Fungu la tatu: TUNAYOYATHAMINI. Nani alindwe kwanza? Nani alipe? Hatari kiasi gani tunaikubali?

Kila fungu lina kipimo chake cha uhakika. Ujanja wa mjadala wa siasa ni kuchukua nyanya ya fungu moja na kuiuza kwa bei ya lingine.

9/
Historia ya fungu la kwanza. Mwaka 1988 jopo la IPCC liliundwa na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa: lile la hali ya hewa, WMO, na UNEP, yenye makao hapa hapa Nairobi. Kabla ya kuhamia Gigiri, UNEP ilianza na ofisi katikati ya jiji, pale KICC. Na Mkenya, Profesa Richard Odingo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, amewahi kuwa makamu mwenyekiti wa IPCC. Kwa hivyo hii stori ya "sayansi ya wazungu" punguzeni.

10/
Tazama walivyosonga. Ripoti ya 1990 ilikiri kwamba joto lililoonekana huenda likawa la asili, na kwamba huenda ikachukua miaka kumi au zaidi kujua. Mwaka 1995 wakasema mkono wa binadamu umeanza kuonekana. Mwaka 2001 wakasema uwezekano kwamba sehemu kubwa ya joto la miaka 50 iliyopita imetokana na gesi za binadamu unapita asilimia 66. Mwaka 2007 ukapita 90. Mwaka 2013 ukafika 95 au zaidi. Ni 2021 tu walipoandika kwamba halina shaka tena. Kufikia hapo dunia ilikuwa imepanda joto kwa takriban nyuzi 1.1 ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19.

11/
Miaka 31 ya kuongeza uhakika kidogo kidogo. Mtu anayetaka kukudanganya huwa hana subira hiyo. Na ndiyo maana utabiri wa msimu wa 2015 hauwezi kuangusha fungu hili. Ni kama kusema kwa sababu daktari hakujua siku utakayopona, basi hujawahi kuwa mgonjwa.

12/
Lakini upande wa pili nao usishangilie sana. Fungu la pili lina mashimo, na wanasayansi wenyewe ndio huyaonyesha. Mfano ni mvua yetu ya masika, Machi hadi Mei. Programu nyingi za kompyuta zinasema Afrika Mashariki itazidi kupata mvua dunia ikipata joto. Vipimo vya ardhini vinaonyesha kwamba kuanzia miaka ya 80 masika yalipungua kwa miongo kadhaa. Watafiti wamekiita kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki, na bado wanakitegua. Mwanasiasa akikuambia anajua kwa hakika masika ya 2050 yatakuwaje, mwombe namba za Lotto kabisa.

13/
Pia si kila mafuriko yana sababu moja. Kundi la watafiti la World Weather Attribution limepima majanga yetu. Ukame uliofuata misimu mitano mfululizo ya mvua haba, 2020 hadi 2022: mabadiliko ya tabianchi yaliuongezea uwezekano angalau mara 100. Mvua ya Oktoba hadi Desemba 2023: huenda yaliizidisha hadi mara mbili. Mvua ya Machi hadi Mei 2024: takriban asilimia 5 tu, tena bila uhakika mkubwa, na wakatunyooshea kidole kwa miji inayokua bila mpango. Watu wale wale, majibu matatu. Anayesema "kila mafuriko ni tabianchi" anaweza kuwa anaficha mtaro ambao haujazibuliwa.

14/
Turudi 2023, kwa sababu mwaka huo mafungu yote yalichanganywa ndani ya miezi mitatu. Septemba 4 hadi 6, KICC ilijaa wageni wa Mkutano wa Tabianchi wa Afrika. Barabara za tao zimeoshwa, hotuba zinasema tuisikilize sayansi. Wakati huo utabiri wa El Niño ulikuwa umeshatolewa. Oktoba, tukaambiwa hadharani kutoka juu kwamba wataalamu sasa wanasema hakuna El Niño, ila mvua ya juu ya kawaida tu. Novemba mafuriko yakaja. Kenya ilipoteza zaidi ya watu 100.

15/
Jirani yetu ana duka la unga na maharagwe karibu na mto. Septemba alisikia utabiri kwa redio akamwita fundi, akainua magunia juu ya mbao. Oktoba aliposikia "hakuna El Niño", aliyashusha, zile mbao akajengea kuku. Maji yaliingia usiku mmoja wa Novemba. Asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, unga umekuwa uji hadi kwenye vifundo vya miguu. Akaniuliza, "Kijana wangu, wewe umesoma. Nani alinidanganya?" Nilinyamaza. Nilisaidia kutoa magunia.

16/
Nimefikiria jibu tangu siku hiyo. El Niño ilikuwepo. Ilikuwa imeshatangazwa baharini tangu Juni. Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na joto upande wetu. Na "mvua ya juu ya kawaida" bado ilikuwa onyo, tena la maana. Lakini onyo la uwezekano lilipogeuzwa kuwa "haiji", mama alisikia "shusha magunia". Namba ya fungu la pili ilivalishwa nguo za uhakika, na yeye ndiye alilipa.

17/
Sasa fungu la tatu, ambalo hatupendi kulitaja. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalirudi, zaidi ya watu 250 wakafa nchini, wakiwemo wale wa Mai Mahiu. Amri ikatoka watu waondoke kando ya mito. Tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Familia ziliahidiwa shilingi 10,000. Tukaambiwa ni usalama, ni sayansi.

18/
Sayansi inaweza kukuambia maji yatafika wapi. Haikuambii mita 30 badala ya mita 6. Kanuni zetu zenyewe zinataja kati ya 6 na 30, na kuchagua ni kazi ya watu. Haikuambii uanze na mabati ya Mathare au na maghorofa yaliyokaribia mito ya Kileleshwa na Westlands. Mwaka 2018 tingatinga ziliangusha jumba la biashara Westlands na kituo cha mafuta Kileleshwa, kwa hivyo inawezekana. Kisha zoezi likapoa. Kupoa huko hakukutoka kwa kipimo cha mvua.

19/
Ni hivyo hivyo duniani. Kikomo cha nyuzi 1.5 kwenye Mkataba wa Paris wa 2015 hakikupatikana maabara. Nchi za visiwa vidogo zilikipigania kwa sababu nyuzi 2 kwao ni kuzama. Sayansi ilieleza madhara ya kila kiwango. Binadamu wakajadiliana kipi kinavumilika. Na Juni 2019 mahakama ya mazingira ilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe Lamu, sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Swali la nani aliulizwa.

20/
Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani au kwa TV akitaja sayansi, muulize: Hii imepimwa, inatarajiwa, au ni uamuzi wako? Kama imepimwa, tuonyeshe. Kama inatarajiwa, uwezekano ni kiasi gani na tukikosea nani anaumia? Kama ni uamuzi, usijifiche nyuma ya mtaalamu wa Dagoretti. Simama nao mwenyewe.

21/
Jirani yangu nilimjibu baadaye, nikichelewa. Nilimwambia, "Mama, utabiri haukusema haiji. Aliyesema haiji alikuwa anatutuliza." Akanitazama, akasema angependa kutishwa bure mara tano kuliko kutulizwa mara moja. Huo ni uamuzi wa fungu la tatu, na ni wake. Kuku wamehamishwa. Mbao zimerudi chini ya magunia.

Ukiona nimekosea mahali, nisahihishe hapo chini. Ila sema kwanza ni fungu gani.