KOMAMANGA: JINA HILI LIMETOKA WAPI?



Ndugu zangu, tunda hili limetajwa mara tatu katika Qur'ani: mara mbili katika Suratul An'aam, aya ya 99 na ya 141, na mara moja katika Suratur Rahmaan, aya ya 68, katika sifa za Pepo. Kwa Kiarabu ni rummaan. Mbona basi sisi hatusemi "rumani", na maneno mangapi ya Kiarabu tunayo vinywani kila siku?

Litazame jina lenyewe. Koma ni tunda la mkoma, mti wa jamii ya mitende. Manga ni Uarabuni, hasa upande wa Omani. Ndiyo maana wazee waliwaita watu wa huko Wamanga, na pilipili iliyoletwa na majahazi ikaitwa pilipili manga. Basi komamanga ni koma la Manga. Asikudanganye mtu kwamba ni "koma" ya kuacha jambo! Wazee waliona tunda geni, wakalipa jina la tunda wanalolijua, kisha wakaongeza lilikotoka.

Warumi nao walifanya vivyo hivyo. Kwa Kilatini waliliita tofaa lenye punje, malum granatum. Humo Wahispania wakapata granada.

Hapa pana jambo linalosambazwa sana kwenye simu, kwamba Waislamu wa Andalusia waliuita mji wao Granada kwa ajili ya tunda hili. Tuwe waangalifu. Wao waliuita Gharnaata, na tunda waliliita rummaan. Hayo ni maneno mawili mbalimbali. Kufanana kwa majina kumo katika Kihispania. Mji ulipotekwa mwaka 1492, Ferdinand na Isabella wakaweka komamanga kwenye nembo yao, alama ya ushindi juu ya dola ya mwisho ya Kiislamu katika nchi ile. Tunalolisambaza kwa fahari ni nembo ya waliotushinda.

Tena Wafaransa wakalichukua jina la tunda, grenade, wakalipa bomu dogo la kutupa kwa mkono. Waingereza wakalipokea, nasi tukapata guruneti. Waarabu wa leo nao huliita bomu hilo rummaana. Neno lililomo katika sifa za Pepo, mtoto katika nchi yenye vita hulisikia akiambiwa akimbie.

Wallahu a'lam.