Wazimu, Pepo, ao Malale?

Jioni katekista anakuja kwa padri: «Padri, mkristu wetu mmoja amegeuka. Zamani alikuwa mpole. Sasa anapiga mke wake. Usiku anatembea ovyo, mchana anasinzia hata katika misa. Jamaa zake wanasema ni pepo. Wengine wanatafuta mlozi.» Padri atajibu nini? Historia inaweza kumsaidia, na sehemu moja ya historia hiyo ilipita hapa kwetu Kasongo.

Wanganga wa Wagriki, wafuasi wa Hippocrates, walifundisha kwamba nyongo nyeusi ikizidi mwilini akili inaharibika. Juu ya nyongo walikosea. Lakini waliona vema jambo moja: mwili ukiugua, akili inaweza kupotea. Kanisa halikudharau wazo hilo. Rituale Romanum ya mwaka wa 1614 yamwagiza padri asiamini upesi kwamba mtu ana pepo, bali azijue alama za kumtofautisha na mtu anayeteswa na nyongo nyeusi ao na ugonjwa mwingine. Ritwali mpya, iliyotolewa mwaka wa 1999, yasema tena kwamba inapofaa sharti aulize wanganga.

Agizo lilikuwa zuri, lakini zamani hizo padri na munganga walikuwa na macho na masikio tu. Nani angeweza kuona ndani ya kichwa cha mgonjwa?

Mwaka wa 1903 ilitangazwa kwamba Castellani, munganga aliyefanya kazi Entebbe katika Uganda, ameona kwa mikroskopi vidudu vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka ule ule munganga Dutton, aliyekwisha kuvitambua vidudu hivyo katika damu ya mtu kule Gambia, alifika Congo pamoja na mwenzake Todd. Walisisitiza kushika shingo ya kila mtu: tezi zikiwa zimevimba, huenda malale imeingia. Walipanda mto mpaka Kasongo, na hapo Dutton akafa tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya kupe waliyokuwa wakiichunguza.

Basi ikajulikana namna ugonjwa unavyokwenda. Mbung'o anauma mtu kando ya mto. Vidudu vinakaa kwanza katika damu na tezi, pengine miezi mingi ao miaka. Kiisha vinaingia katika ubongo. Ndipo usingizi unapopotoka, na mtu anakuwa mkali, ao anachanganyikiwa. Vivyo hivyo mwaka wa 1913 Noguchi na Moore walionyesha vidudu vya kaswende katika ubongo wa wagonjwa waliokufa na wazimu wenye kupooza.

Lakini kujua ugonjwa si kuupenda ugonjwa uponyeke kesho. Dawa za kwanza, atoxyl na tryparsamide, ziliweza kupofusha macho. Ile ya mwaka wa 1949, melarsoprol, iliponya wengi ikaua wengine. Tena wakati wa ukoloni wagonjwa walitengwa kwa nguvu, na watu wakajificha porini. Alama iliyowekwa ili kuponya ikawa kama alama ya kukamatwa. Tusiwacheke wazee waliokimbia.

Leo mambo yamegeuka. Mwaka wa 1998 Congo ilihesabu wagonjwa zaidi ya 26.000, mwaka wa 2018 dunia nzima haikufika 1.000. Tangu mwaka huo kuna vidonge, fexinidazole, vilivyojaribiwa katika inchi yetu: wengi wanavimeza siku kumi na kupona.

Hatari inakuja sasa kwa njia nyingine. Ugonjwa ukiwa haba, watu wanausahau. Na Kasongo na Kabambare ni inchi za mito na za mbung'o. Mgonjwa wa malale anaweza kurudi kuitwa mwenye pepo, kama zamani. Ni kweli, si kila wazimu ni malale. Hata kipimo kisipoonyesha kitu, yule mtu ni mgonjwa bado, wala jirani yake hakuwa mlozi kwa sababu hiyo.

Basi padri atajibu: «Katekista, sala tutaanza leo. Kesho asubuhi umpeleke hospitali. Wamshike shingo, wampime damu. Na jamaa zake waambie wasimtaje mtu yeyote.»