Si Uzee Tu

Liko neno moja la madaktari ambalo sisi tuliokulia Usukuma tunaweza kulielewa upesi. Neno hilo ni deliriamu, na asili yake ni Kilatini cha shambani. Kwa Warumi, mtu aliyeanza kusema ovyo alifananishwa na aliyetoka nje ya mstari wa plau. Celsus, Mrumi aliyeandika juu ya tiba katika karne ya kwanza, alilitumia neno hilo kwa wagonjwa waliopotewa na akili kwa sababu ya homa. Basi kila mtoto aliyewahi kuswaga ng'ombe wa plau anajua kwamba ng'ombe haachi mstari bure. Ama ana kiu, ama amechoka, ama nira inamkwaruza. Mkulima mwenye busara huyatazama hayo kabla ya kuingia shambani, hangoji mpaka mstari upinde ndipo ashike fimbo.

Katika Kiswahili tunasema mgonjwa anaweweseka. Hapa nakusudia kuweweseka kwa namna yake, kule kunakowapata wazee baada ya kupasuliwa. Mzee anaingia chumba cha upasuaji akiwa na akili zake timamu. Siku ya pili au ya tatu, aghalabu usiku, anaanza kuzungumza na watu waliokwisha kufa, anachomoa dripu, anataka kwenda nyumbani. Asubuhi anatulia, jioni anaanza tena. Wapo pia wanaogeuka kinyume cha hivyo: hunyamaza, hukodoa macho ukutani, hawali wala hawaulizi kitu. Hao ndio husahaulika zaidi, maana mgonjwa asiyesumbua husifiwa kuwa anaendelea vizuri.

Nililiona jambo hili mwaka 1996 kwa shangazi yangu, aliyeanguka kisimani akavunjika nyonga, akapasuliwa katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Usiku wa pili aliona mbuzi juu ya kitanda, akamwita marehemu mumewe aje awaswage. Kwa utaratibu wa wodi ile, miwani yake ilikuwa imefungiwa kabatini pamoja na nguo zake, na sisi ndugu tuliruhusiwa kuingia saa za kutazama wagonjwa tu. Alipozidi kuhangaika alifungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Huku nyumbani baadhi walisema amerogwa. Wengine, waliojiona wamesoma, walisema ni uzee umefika. Baada ya siku tisa akili zilimrudia. Aliishi miaka sita zaidi, akikumbuka madeni ya kila mtu kijijini, lakini ukoo ulikuwa umekwisha kuamua: funguo za ghala hakurudishiwa tena.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila nilichopata juu ya jambo hili, na nimegundua kwamba hata mataifa yenye hospitali kubwa yalichukua muda mrefu kulifahamu. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, mpasuaji mashuhuri wa Ufaransa, alikwisha kuandika kwamba wazimu wa muda huweza kufuata maumivu, homa na kupoteza damu nyingi. Wakati huo hapakuwa na dawa ya usingizi. Dawa hiyo, ambayo ni etha, ilionyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, na haikuchukua miaka mingi lawama zote zikaiangukia. Mwaka 1887 George Savage, daktari wa magonjwa ya akili mjini London, aliandika juu ya watu walioingiwa na wazimu baada ya kupewa nusukaputi. Mwaka 1955 daktari Bedford wa Oxford alichapisha katika jarida la The Lancet uchunguzi wake juu ya wazee ambao akili zao zilidhoofika baada ya upasuaji, wengine kwa muda mrefu. Lililonigusa ni kwamba alianzia kwenye malalamiko ya ndugu, waliokuwa wakisema kuwa mzee wao hajawa yule yule tangu apasuliwe. Ndugu waliona kabla ya daktari. Ushauri wake ulikuwa kwamba mzee asipasuliwe ila kwa sababu ya lazima kabisa.

Je, kosa lilikuwa la nusukaputi kweli? Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga. Nusu yao walipangiwa nusukaputi, na nusu sindano ya ganzi ya uti wa mgongo. Walioweweseka walikuwa karibu sawa: takriban mmoja katika kila watano, pande zote mbili. Kwa hiyo hatuwezi kuutupa mzigo wote kwenye dawa ya usingizi, kama vile tusivyoweza kuutupa wote kwenye uzee. Uzee hupunguza akiba ya ubongo, hilo ni kweli. Lakini kinachomtoa mzee mstarini ni vitu vingi vidogo vinavyomwangukia kwa pamoja: kiu, maumivu, kukosa usingizi, mkojo uliozuiliwa, choo kigumu, maambukizo, giza, na kutokuwa na mtu anayemfahamu.

Aliyeigeuza safari hii ni daktari mmoja wa Marekani, Sharon Inouye. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitoa njia fupi ya kutambua deliriamu penye kitanda cha mgonjwa. Mambo mawili lazima yawepo: mabadiliko yawe yamekuja ghafla na yawe yanapanda na kushuka, na mgonjwa ashindwe kutuliza mawazo, kwa mfano ashindwe kutaja siku za juma kinyumenyume. Tena lazima liwepo mojawapo la mawili yafuatayo: mawazo yaliyovurugika, au hali ya fahamu isiyo ya kawaida, iwe ni kusinzia au kuhangaika kupita kiasi. Mwaka 1996 walionyesha baadhi ya mambo ya hospitalini yanayoichochea: kumfunga mgonjwa, lishe duni, kumwongezea dawa nyingi kwa mara moja, na mpira wa mkojo. Niliposoma hayo nilikumbuka zile bandeji.

Kisha ukaja mwaka 1999. Katika hospitali ya Yale, mjini New Haven, walifuatwa wagonjwa 852 wenye miaka 70 au zaidi. Hawa hawakuwa wa upasuaji, walilazwa kwa magonjwa mengine. Nusu yao walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mambo ambayo bibi yeyote wa kijijini angeyafahamu: kukumbushwa siku na mahali walipo, kutembezwa, kunyweshwa, kupewa miwani yao, kusaidiwa kusikia, na kuachiwa usiku wa utulivu wenye kinywaji cha moto badala ya kidonge cha usingizi. Walioweweseka walikuwa asilimia 15 katika kundi la kwanza, na asilimia 9.9 katika la pili. Mwaka 2001, mjini Boston, wagonjwa 126 waliovunjika nyonga walichunguzwa. Pale ambapo daktari wa wazee aliitwa mapema kuangalia maumivu, maji, dawa na mpira wa mkojo, walioweweseka walikuwa asilimia 32, penginepo asilimia 50. Mwaka 2017 huko Taiwan, katika wagonjwa 377 waliopasuliwa tumbo, kuzungumza nao, kuwasafisha kinywa na kuwasaidia kula, na kuwatembeza mapema kulishusha idadi kutoka asilimia 15.1 hadi 6.6.

Lakini lipo jambo katika habari ya Yale ambalo msomaji asilipite haraka. Wale ambao deliriamu ilikwisha kuwashika hawakuonekana kupata nafuu yoyote ya maana kwa huduma ile, kwani ukali wake ulibaki ule ule. Faida yote ilikuwa katika kuzuia. Hata dawa ya haloperidoli, iliyotumainiwa kuwa kinga, haikutoa kinga ya kutegemewa. Baadhi ya dawa tunazozoea kumpa mzee ili alale, kama diazepamu na prometazini, zinaweza kumzidishia. Hapa ndipo wahenga walipotushinda kwa busara: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nafikiri sasa juu ya yule anayekaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Yale waliwatafuta watu wa kujitolea, wakawafundisha, wakawapa zamu za kukaa na wazee. Katika wodi zetu kazi hiyo imekuwa na mwenyewe tangu zamani: binti, mkwe au mjukuu anayekuja na chupa ya uji. Tumemzoea kumwona kama msongamano wa kuondolewa kengele ikilia. Kumbe yeye ni sehemu ya tiba, mradi aambiwe la kufanya. Kabla ya upasuaji amweleze daktari dawa zote anazotumia mzee, pamoja na pombe, na kama amewahi kuweweseka. Baada ya upasuaji ahakikishe miwani ipo machoni. Amtajie siku na mahali, amnyweshe akisharuhusiwa, amwinue aketi na atembee kwa maelekezo ya muuguzi, amwombee dawa ya maumivu bila haya, na usiku amwache alale. Mzee akibadilika ghafla, hata kwa ukimya, asiseme ni uzee, bali amwite muuguzi saa ile ile. Mgonjwa haulizwi uji, na mzee aliyeanza kupotea hawezi kujiombea hayo mwenyewe.

Ninachohofia ni kwamba wana wametawanyika mijini na nje ya nchi, na wazee wengi hupelekwa hospitali na jirani. Kigoda kile kinazidi kubaki kitupu huku wanaopasuliwa uzeeni wakiongezeka. Hospitali inayojali ingeweza kuanza kwa jambo lisilohitaji mtambo wowote: kumruhusu mtu mmoja akae, na pale asipokuwapo ndugu, kumtafuta wa kukaa.