Mchezo wa Mkwawa na Njia ya Kitabu

Mchezo wa kuigiza huzaliwa mara mbili: kwanza katika karatasi, kisha jukwaani. Ukikosa karatasi, wajukuu huusahau. Ukikosa jukwaa, huwa kama ngoma iliyotundikwa ukutani. Kwa hiyo nchi itakayo michezo yake yenyewe yahitaji mchapishaji na kundi la waigizaji. Na tulipime neno hili katika Nyanda za Juu za Kusini.

Iringa haikupungukiwa na habari ya kutungia. Tarehe 17 Agosti 1891 askari wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo, na mkuu wake, Emil von Zelewski, akauawa. Mwaka 1898 Mkwawa alijiua asitekwe. Fuvu lililoaminiwa kuwa lake lilirudishwa Kalenga kutoka Ujerumani mwaka 1954. M. M. Mulokozi akaitungia habari ya mtawala huyo mchezo, Mukwava wa Uhehe. Lakini mchezo huo ulichapishwa mwaka 1979 Nairobi, na East African Publishing House, wakati ambapo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977. Haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Fuvu lilikuwa limekwisha kurudi nyumbani. Kitabu kilizaliwa ng'ambo ya mlango uliofungwa.

Karatasi nayo ilikuja kupatikana. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, kilianza kutengeneza karatasi kwa miti ya msitu wa Sao Hill. Basi Iringa ilikuwa na shujaa na karatasi, ila mahali pa kuvikutanisha palikuwa mbali.

Dar es Salaam haikulala. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966. Mwaka 1967 Chuo Kikuu kikaanza kufundisha sanaa za maonyesho. Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza nyumba hiyo, alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, akathibitisha kwamba mchapishaji mdogo asiyetegemea serikali aweza kusimama. Hata hivyo, uchapishaji na jukwaa vilikaa katika nyumba mbalimbali, na zote pwani.

Atakayesema kwamba Mbeya na Iringa hazina wanunuzi wa kutosha husema kweli nusu. Kitabu cha mchezo kikingoja dukani peke yake, hufa. Lakini nyumba moja ikichapisha nakala chache na kuuigiza mchezo huo huo Mafinga, Makambako na Tukuyu, kila onyesho huwa soko, na kila msomaji huenda akawa mwigizaji wa kesho. Haitatajirika, wala haitashindana na vitabu vya shule. Gharama ya safari peke yake ni mzigo.

Leo Iringa ina chuo kikuu kishiriki chenye jina la Mkwawa. Jina lililoandikwa langoni ni heshima. Heshima iliyo kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi wa pale autunge mchezo wake, auchapishe na auigize bila kuomba njia ya mbali.