Maji Yaliyosadikiwa: Propaganda na Kinaya katika Vita vya Maji Maji Bondeni Kilombero

Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Kabla ya mwezi huo kwisha, Wambunga na Wapogoro walikwishaiteka Ifakara, na tarehe 30 wakalivamia boma la Mahenge, juu ya bonde la Kilombero. Mnenaji amekufa, neno lake ndiyo kwanza linafika.

Namna lilivyosafiri yastahili kuangaliwa kwa jicho la mhakiki. Umatumbini lilianza kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila, na kila aliyenong'onezwa akawa mshirika wa siri. Bondeni lilifikishwa na wajumbe walioitwa hongo (jina ambalo msikilizaji Mswahili hakosi kulishtukia). Kiini chake ni sitiari: risasi itageuka maji. Sitiari hiyo ilizungushiwa miiko, kama vile kutolala na mwanamke na kutopora mali. Hapa ndipo ilipo nguvu ya mbinu yenyewe. Aliyepigwa risasi akafa alihesabiwa kuwa amevunja mwiko, na dawa ikabaki safi. Kila maiti ilizidi kuithibitisha, mpaka bombomu za Mahenge zilipoangusha watu wengi mno kuweza kuhukumiwa wote kuwa wavunja miiko.

Upande wa Wajerumani nao ulikuwa na masimulizi yake. Gavana von Götzen, katika kitabu chake cha 1909, aliwakuza mno waganga na uchawi; kodi na pamba ya shuruti zikarudi nyuma ya pazia. Nayo ni propaganda, ila imevaa koti la ripoti. Wakati huohuo mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua zaidi ya bunduki. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Gwassa anataja kati ya 250,000 na 300,000.

Propaganda hutaka sitiari isadikiwe kama ilivyo. Kinaya huufunua tena mwanya kati ya neno na jambo. Ndiyo kazi aliyoifanya Ebrahim Hussein katika tamthilia yake *Kinjeketile* (1969). Historia ilimnyonga Kinjikitile kabla ya Mahenge, bali Hussein anamwacha mhusika wake hai hadi ayaone maji yakishindwa. Badiliko hilo si uzembe wa tarehe: bila ya hilo hapana shahidi awezaye kuulizwa. Mikononi mwa Wajerumani anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Hadhira inajua, naye anajua. Anakataa, kwa kuwa ukweli huo, ukitoka kinywani mwake, utatangazwa na boma.